Muziki Ukutani: Mwongozo Kamili wa Kurusha Taswira za Muziki kwa Projekta au TV Kubwa Nyumbani

Mara ya kwanza niliporusha taswira za muziki kwenye ukuta wa sebuleni, rangi zilijaa ukuta mzima na wageni wakapiga makofi. Mimi niliyekaa karibu na kompyuta ndiye niliyeona kasoro. Wimbo ukitulia, picha zinaendelea kujizungusha vilevile. Wimbo ukipamba moto, picha hazishtuki. Ilinichukua dakika 20 kugundua kwamba programu ilikuwa inasikiliza maikrofoni ya laptop, na laptop nilikuwa nimeiweka bega kwa bega na projekta, huku spika zikiwa upande wa pili wa chumba. Dakika zote hizo tulikuwa tunatazama muziki wa feni ya projekta.

Tangu siku hiyo naanza na sauti, picha baadaye. Wengi huanza na projekta, wakamaliza hela huko, kisha wanashangaa mbona picha "hazichezi". Mwongozo huu unafuata njia ya sauti tangu inapotoka hadi inapogeuka rangi ukutani.

Programu inafanya nini hasa

Taswira hizi si video iliyorekodiwa. Mara 30 hadi 60 kwa sekunde programu huchukua kipande kifupi cha sauti, hukipima besi, sauti za kati na sauti nyembamba, kisha huchora kwa kufuata vipimo hivyo. Wazo lenyewe si la jana: mwaka 1977 Atari waliuza kisanduku kiitwacho Atari Video Music, unakiunganisha na redio ya sebuleni na TV, nacho kinachora maumbo ya rangi. Lakini taswira tunazozijua leo zinatokana zaidi na MilkDrop, aliyoiandika Ryan Geiss na kuitoa mwaka 2001 ifanye kazi ndani ya Winamp, programu ya kucheza muziki.

Ujanja wa MilkDrop ni kutoifuta picha iliyotangulia. Huichukua, huivuta kidogo, huizungusha au kuikunja, huififisha, halafu huchora mawimbi ya sauti juu yake. Picha hiyo mpya nayo inakunjwa, na mchezo unaendelea. Ndiyo maana pigo moja la ngoma huacha mkia kama moshi wa ubani unaozunguka ukutani kwa sekunde kadhaa.

Jambo la pili ni muhimu zaidi kwako. MilkDrop huipima besi kwa kuilinganisha na sauti iliyopita muda mfupi nyuma: 1 ni kawaida, chini ya 0.7 ni tulivu, juu ya 1.3 ni nzito. Kwa hiyo huhitaji kupandisha sauti hadi jirani agonge ukuta. Unachohitaji ni sauti safi yenye milima na mabonde. Feni huvuma kwa nguvu ileile muda wote, namba zinabaki karibu na 1, na picha haina sababu ya kuruka.

Chagua programu kulingana na muziki wako ulipo

Kama nyimbo zako ni mafaili ndani ya kompyuta, maisha ni rahisi. VLC ina taswira zake: cheza wimbo, fungua menyu ya Audio, kisha Visualizations, uchague mojawapo. Goom ndiyo yenye mambo. Zile za mistari ya mawimbi na nguzo za spektra zinafaa kwa majaribio. Kwenye Mac, programu ya Music ina taswira zake, bonyeza Command na T. Winamp yenye MilkDrop bado inafanya kazi kwenye Windows, na kama umefunga Kodi, programu ya kucheza muziki na video, kwenye Raspberry Pi (ile kompyuta ndogo) au kwenye kisanduku cha Android cha TV, humo pia unaweza kuongeza projectM au nyingine kupitia mipangilio ya muziki. Zote hizi zinasoma sauti kutoka ndani kwa ndani. Maikrofoni haihusiki, feni haihusiki.

Kama unasikiliza kwa intaneti, utahitaji programu inayojitegemea. Kwenye Windows ningekushauri MilkDrop 3, kwa sababu inanasa sauti yoyote inayotoka kwenye kompyuta bila kukusumbua. projectM, ambayo ni MilkDrop iliyoandikwa upya na wanaojitolea na kutolewa na msimbo wake wazi, ipo kwa Windows, Mac na Linux. Na kama hutaki kufunga chochote, Butterchurn inafanya kazi hiyohiyo ndani ya brauza: unaipa faili la wimbo, inachora. Kwa kuonja tu kabla hujajiingiza kwenye gharama, anzia hapo.

Njia ya sauti: hapa ndipo utumie muda

Kwenye Windows, njia ya zamani ni "Stereo Mix". Fungua mipangilio ya sauti, nenda kwenye kichupo cha kurekodi, bofya kulia mahali patupu na uruhusu vifaa vilivyozimwa vionekane. Ikiwepo, iwashe, kisha ndani ya programu yako ya taswira uichague kama chanzo cha sauti. Mtego wake ni huu: Stereo Mix ni ya ile chipu ya sauti iliyomo kwenye kompyuta. Ukiunganisha HDMI, Windows mara nyingi huhamishia sauti kwenye TV au projekta bila kukuuliza, na Stereo Mix inabaki kusikiliza bomba lisilo na maji. Hali ni hiyohiyo ukitumia spika ya Bluetooth. Watu hukaa saa nzima wakilaumu programu, kumbe sauti imehama nyumba.

Dawa yake ni VB-Cable, waya wa kufikirika unaofungwa kama programu. Ukishaifunga, kwenye kompyuta chagua CABLE Input iwe ndiyo spika yako. Kwenye programu ya taswira chagua CABLE Output iwe ndiyo maikrofoni yako. Sasa picha zinacheza lakini chumba kipo kimya. Usishtuke. Rudi kwenye kichupo cha kurekodi, fungua sifa za CABLE Output, nenda "Listen", weka tiki ya kusikiliza kifaa hicho na uchague spika zako halisi.

Kwenye Mac kazi hiyo hufanywa na BlackHole. Fungua Audio MIDI Setup, tengeneza "Multi-Output Device" yenye BlackHole na spika zako pamoja, kisha uielekeze programu isikilize BlackHole. Kwenye Linux ni rahisi kuliko kote: washa programu ya taswira, fungua pavucontrol, programu ya kupanga njia za sauti, nenda kichupo cha Recording, na badala ya maikrofoni chagua kile kilichoandikwa "Monitor of" kikifuatiwa na jina la spika zako.

Mwenye mikisa, sahani za santuri au dawati la DJ ana njia yake. Chukua sauti kwenye tundu la REC OUT au TAPE OUT, si kwenye tundu la spika. Laptop nyingi siku hizi zina tundu moja tu la duara, la hedifoni na maikrofoni kwa pamoja. Ukilisukumia sauti ya mikisa litapasuka sauti na besi itakuwa ukuta mmoja usiopanda wala kushuka. Nunua kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu la LINE IN.

Maikrofoni iwe ya mwisho kabisa, kwa mfano kama mpigaji gitaa amekaa palepale sebuleni. Ukilazimika, isogeze mbali na projekta na karibu na spika, kisha zima vipunguza kelele vya kompyuta. Vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, na kwao wimbo wako ndio kelele.

Jaribio la kujua kama umefaulu ni jepesi: simamisha wimbo ghafla. Mstari wa mawimbi ukilala palepale, sauti inapita njia sahihi. Ukiendelea kutetemeka, kuna kitu kingine kinasikilizwa.

TV au projekta?

TV kubwa inashinda mchana, na inajua nyeusi. Projekta haiwezi kurusha nyeusi. Nyeusi yake ni rangi ya ukuta wako taa zikiwa zimezimwa. Taswira nyingi zina mandhari ya giza, kwa hiyo kwenye sebule yenye taa zinapauka zikawa kama chai iliyozidi maziwa. Ila projekta ina kitu ambacho TV haina: mwanga unatoka kwenye fremu na kumwagika chumbani, juu ya watu, juu ya dari. Kwa video ya kawaida ningechagua TV. Kwa kazi hii nachagua projekta, na nitaeleza zaidi juu yake kwa sababu ndiyo yenye mitego.

Mtego wa kwanza ni boksi. Niliwahi kununua projekta ndogo iliyoandikwa lumeni 9,000, lumeni ikiwa ni kipimo cha mwanga. Dukani palikuwa na kiza kizuri. Nyumbani, taa moja ya jikoni ilitosha kuiua. Angalia lumeni za ANSI, hizo ndizo zenye kipimo kinachoeleweka; ikiwa boksi lina "lumeni" tupu, usiamini. Vilevile "inasapoti 1080p" maana yake inaipokea tu. Picha yenyewe inaweza kuwa ya pikseli 800 kwa 480. Uliza pikseli za asili. Na kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aiwashe mlango ukiwa wazi. Kwa chumba chenye giza la kweli, lumeni 1,000 za ANSI zinatosha kwa taswira. Ukitaka watu wale na kuzungumza taa zikiwaka, tafuta 3,000.

Kuhusu umbali, tafuta namba ya mrusho kwenye kijitabu. Ni umbali ukigawanya kwa upana wa picha. Projekta yenye 1.5 ukitaka picha ya upana wa mita 2 itakaa mita 3 kutoka ukutani. Picha ya inchi 100 ina upana wa takriban mita 2.2 na kimo cha mita 1.25, pima ukuta wako kwa futi kamba kabla ya kuota. Kumbuka pia kwamba ukiongeza upana mara mbili, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo mara nne, picha inafifia kwa kiasi hicho.

Habari njema ni kwamba taswira hazina masharti ya sinema. Hazina nyuso za watu wala maandishi. Projekta ikikaa upande na picha ikawa kama trapeza, uirekebishe ukipenda, lakini hakuna atakayegundua. Pikseli 1280 kwa 720 kwenye ukuta mzima zinapendeza kabisa kwa sababu picha zenyewe ni moshi na mwanga. Ukuta mweupe usiong'aa ndio bora, shuka jeupe lililopigwa pasi linafuata. Na ukitaka kuwashangaza watu, ning'iniza chandarua cheupe hatua moja au mbili mbele ya ukuta. Sehemu ya mwanga inanaswa na nyavu, sehemu inapita na kutua ukutani, na unapata picha mbili zinazoelea. Nimejaribu kitambaa kila aina. Hakuna kilichoshinda chandarua.

Kuunganisha

Tumia waya wa HDMI. VGA haibebi sauti, na kurusha bila waya huchelewesha picha. Waya wa kawaida wa mita 3 hadi 5 hauna shida. Ukihitaji zaidi ya mita 10, tafuta ule wa nyuzi za mwanga, na uangalie alama ya upande, kwa sababu ncha moja ni ya kompyuta na nyingine ni ya skrini.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na P kwa pamoja, uchague "Extend", siyo "Duplicate". Kwa njia hii dirisha la taswira unalivuta hadi skrini ya pili na kulijaza huko, wakati orodha ya nyimbo inabaki kwenye laptop. Hii si mapambo tu. Nilipokuwa bado natumia "Duplicate", ujumbe wa mtu anayenidai ulitokea ukutani, herufi za ukubwa wa sahani, mbele ya wakwe. Zima arifa pia.

Baada ya kuunganisha, angalia tena sauti inatoka wapi. Bofya alama ya spika chini kulia na uirudishe kwenye spika zako, vinginevyo muziki wote utatoka kwenye kile kispika cha projekta kinacholia kama nzi ndani ya kopo.

Laptop ichomekwe kwenye umeme. Ikiwa kwa betri hupunguza nguvu ya michoro na picha huanza kurukaruka. Ikiendelea kukwama hata kwenye umeme, shusha skrini ya pili hadi 1280 kwa 720 kabla ya kufikiria kununua mashine nyingine. Zima pia kulala kwa kompyuta. Hakuna kinachokata stimu kama ukuta kuzimika katikati ya wimbo kwa sababu hakuna aliyegusa kipanya.

Picha na sauti zisipokwenda pamoja

Spika za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Ukuta unaruka, kisha ngoma inalia. Kwa taarabu ya polepole unaweza kuvumilia, kwa muziki wa dansi huwezi. Chomeka waya wa sauti.

Kinyume chake ni TV inayochelewesha picha kwa sababu inaisafisha kwanza. Washa "Game Mode", zima ulainishaji wa mwendo. Ikiwa bado, pitisha sauti kwenye HDMI pamoja na picha, halafu uichukue kutoka kwenye TV kwenda kwenye amplifaya: TV nyingi huichelewesha sauti iendane na picha yake.

Kuchagua taswira kwa wimbo

Taswira za MilkDrop huja kama mafaili madogo ya maandishi yenye mwisho wa .milk, na projectM inayasoma vilevile. Kuna mkusanyiko uitwao Cream of the Crop wenye karibu 10,000. Usiuachie wote ujichagulie wenyewe mbele ya wageni. Kaa nao jioni mbili tatu, nakili 30 au 40 unazozipenda kwenye folda moja, na ndani ya MilkDrop uelekeze huko. Kitufe cha nafasi (Space) kinakupeleka kwenye taswira inayofuata kwa kuyeyusha, H inakata papo hapo, Backspace inarudi nyuma, na Scroll Lock inaing'ang'ania iliyopo isiondoke. Ninaweka kila moja ikae kama dakika moja. Ikibadilika kila sekunde 10, macho yanachoka haraka.

Muziki nao una tabia zake. Taarabu yenye fidla, kanuni na akodiani imejaa sauti za kati na nyembamba, besi yake haivunji vyombo. Ipe taswira zenye mistari ya mawimbi, utaona fidla inachora nyuzi. Rumba ya Kongo inaanza taratibu, kwa hiyo shikilia taswira moja tulivu kwa Scroll Lock, na seben ikiingia piga H. Hapo ndipo utasikia watu wakisema "eeeh!" bila kujua kwamba ni kidole chako.

Singeli inataka tahadhari, na hapa sifanyi utani. Kasi yake huvuka mapigo 200 kwa dakika, mara nyingine hukaribia 300. Mapigo 240 kwa dakika ni manne kwa sekunde. Kiwango cha usalama kinachotumika kwenye skrini ni mimweko isiyozidi 3 kwa sekunde, kwa sababu mimweko ya haraka, hasa myekundu, inaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Taswira inayomweka kila pigo itavuka kiwango hicho tangu sekunde ya kwanza. Kwa singeli ondoa taswira zote za kumweka, zima mkato wa ghafla unaofuata pigo kwenye mipangilio, na uwashe taa moja ya pembeni ili tofauti ya mwanga ipungue. Waulize wageni kabla, na watoto wasikae pua na ukuta.

Wenye TV za OLED wazime jina la wimbo na nembo yoyote inayokaa sehemu moja saa nyingi. Picha zinazotembea hazina neno. Kinachobaki palepale ndicho kinachoweza kuacha alama ya kudumu.

Umeme, joto na kuzima

Projekta iache na nafasi pande zote, angalau sentimita 30 mahali inapotolea joto, na isikae juu ya mto wala kochi. Kichujio cha vumbi kifute mara kwa mara kama unakaa karibu na barabara ya vumbi. Angalia Luku kabla wageni hawajafika. Kwa projekta za taa ya kawaida, umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto sana, na hilo linaifupishia maisha. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayobeba projekta peke yake kwa dakika 5 inatosha. Zile za LED zinavumilia zaidi.

Mambo yakiisha, funga programu kwanza, rudisha spika na arifa zako kama zilivyokuwa, hasa kama ulitumia VB-Cable, la sivyo kesho asubuhi utajiuliza kompyuta imekuwa bubu kwa nini. Kisha zima projekta kwa kitufe chake, siyo ukutani. Nyingi zitakuuliza kama una uhakika, bonyeza tena, acha feni ivume hadi inyamaze yenyewe, ndipo uchomoe.